Ukwaju Haurefushi Shaba

Kwa miaka mitatu mizima Mwadini aliusingizia upepo, na upepo, maskini, kwa vile hauna wakili, ulinyamaza. Risasi ikienda kushoto: upepo. Ikienda kulia: upepo umegeuka. Ikienda juu, anasema kuna upepo wa chini chini unaonyanyua. Siku moja alitoboa ubao wa jirani yake kabisa, akainuka, akajifuta majani magotini, akasema upepo wa huku hauna adabu.

Siku za kazi Mwadini alikuwa fundi wa mabasi, gereji moja hapo Wembley, na hakuna aliyemcheka. Jumapili ndiyo ilikuwa shida. Jumapili alichukua bunduki yake ya leseni, akaenda na klabu yao ya shabaha nje ya mji, na huko akawa mchezaji wa akiba. Klabu ilikuwa na timu ya watu wanne iliyokwenda Scotland kila mwaka kushindana. Mwadini alishakwenda mara tatu, na mara zote tatu kazi yake ilikuwa kubeba chupa za chai. Chai yake ilisifiwa sana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mwaka huo nafasi ya nne ilikuwa wazi. Watatu wameshachaguliwa, wa nne atajulikana Jumapili, baina ya Mwadini na Titus, Mkamba mmoja mrefu aliyekuwa mlinzi uwanjani Wembley. Titus alikuwa akinunua risasi zake za boksi dukani. Mwadini alijaza zake mwenyewe, na alijivunia hilo kuliko anavyojivunia mke wake, ambaye alishamwambia kuwa jambo hilo analiona.

Kujaza risasi upya si uchawi. Ganda la shaba halifi kwa kupigwa mara moja. Unaliokota, unalisafisha, unalibana kwenye presi lirudi umbo lake, unakata mdomo uliorefuka, unalitia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, limekuwa bichi tena. Siri ni moja tu: maganda yote yafanane. Moja likiwa refu na jingine fupi, kila moja litakishika kichwa chake kivyake na kukiachia kivyake, na huko mbele risasi zitatawanyika kama watoto waliosikia kengele ya kutoka shule. Hayo yote alifundishwa na Fundi Surjit Singh wa Neasden, mzee aliyezaliwa Tabora na kufanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli. Fundi Surjit alipima kwa "thao", yaani sehemu moja ya elfu ya inchi, na alizitaja thao kama watu wengine wanavyotaja jamaa zao.

Mwadini alikuwa na maganda sitini, yote ya kiwanda kimoja, yamepigwa mara sawa. Aliyaweka kwenye makopo manne juu ya rafu ya stoo. Kopo la kwanza, yaliyosafishwa tu. La pili, yaliyobanwa. La tatu, yaliyokatwa. La nne, ndilo kopo la fahari, lilikuwa na maganda ishirini na manne yaliyokamilika, tayari kujazwa kwa Jumapili. Kila kopo lilikuwa na kikaratasi.

Jumatatu alirudi kutoka zamu saa tisa mchana, akafungua mlango, akapigwa na harufu ya ukwaju.

Hakushtuka. Sikukuu ya kuchinja ilikuwa wiki ya pili yake, na mkwe wake, Bi Sheikha, alikuwa amewasili kutoka Wete miezi miwili nyuma. Mwanamke wa Wete haingii sikukuu na shaba iliyofubaa. Sebuleni sinia lilikuwa linawaka. Mrashi ulikuwa unawaka. Na pale juu ya hita, kwenye kitambaa cheupe, yamepangwa mistari sita ya kumi kumi kama wanafunzi wa madrasa, yalikuwa yanawaka maganda sitini ya risasi.

"Umeyaona madude yako?" alisema Bi Sheikha, ameketi upande upande kama ilivyo ada mbele ya mkwe, kanga imefika nyusini. "Yalikuwa meusi, maskini, kama masufuria ya matangani. Nimeyatia ukwaju. Jivu sikupata, nyumba hii haina hata kuni moja, basi nikatia chumvi."

"Yote, mama?"

"Yote. Sitini. Nimeyahesabu."

"Ya makopo yote manne?"

"Na makopo nimeyakosha vile vile. Yalikuwa na vikaratasi, lakini vimebanduka."

Mwadini alifungua mdomo. Sasa, kwao mtu anaweza kugombana na sheha, na akipenda na daktari wa meno akiwa tayari amekaa kwenye kiti. Lakini hajazaliwa Mpemba wa kumpandishia sauti mama wa mkewe. Mdomo ulibaki wazi kidogo, ukatafuta neno la halali, ukalipata.

"Ahsante, mama. Yanang'aa."

Akaenda bafuni, akafunga mlango, akalitia taulo mdomoni na kuliuma.

"Unakula taulo na mchuzi upo?" Mwanamwema, mkewe, aliuliza kutoka jikoni. Nyumba za Wembley kuta zake ni nyembamba.

"Mwanamwema, mama yako ameniua."

"Amekukoshea vyombo."

"Si vyombo! Siku tano zimebaki. Sijui lipi limekatwa, lipi halijakatwa. Titus anakwenda Scotland, na mimi nabeba chai mwaka wa nne."

"Chai yako nzuri," alisema Mwanamwema.

Mwadini akampigia simu Fundi Surjit. Mzee hakusema pole. Aliuliza swali moja, "Amekosha kwa kitu gani?", akaambiwa, akakata simu, akapanda basi. Baada ya nusu saa alikuwa mlangoni, kilemba cha bluu, na kalipa ya kupimia mfukoni mwa koti, mahali ambapo wazee wenzake huweka miwani.

"Karibu, fundi," alisema Bi Sheikha. "Mwambie mwenzako asinune. Tangu arudi hata chai hajanywa."

"Nashukuru, bibi. Yalikaa kwenye ukwaju muda gani?"

"Muda wa kusoma Yasini moja. Kisha nikayasuuza maji mara tatu, nikayapanga kwenye moto wa ukutani."

Fundi Surjit alichukua ganda moja, akalitazama ndani, akalinusa, akalipuliza. "Kavu. Safi. Mwadini, hata mimi siwezi kusafisha hivi. Unalia nini?"

"Yamechanganyika, fundi!" Mwadini alisema kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayepiga kelele kwa adabu. "Yale ishirini na manne niliyoyamaliza yamo humo humo. Nitayajuaje?"

Hapo Bi Sheikha akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa mambo ya watu.

"Hayo uliyoyamaliza, mwanangu, uliyafanya yote sawasawa?"

"Hewalla, mama. Sawasawa kabisa. Inchi mbili na thao tano, kila moja."

"Basi si mtayapima tu? Yatakayokuwa sawa ishirini na manne, ndiyo yayo. Yatajitaja yenyewe."

Fundi Surjit akamtazama Bi Sheikha. Kisha akamtazama Mwadini. Kisha akatoa kalipa mfukoni, polepole, kama askari anayetoa pingu.

Walikaa meza ya kulia. Mzee alipima, Mwadini aliandika. Ganda la kwanza: thao kumi na mbili. Hilo halijakatwa, sawa. La pili: tano. "Hilo langu!" alisema Mwadini. La tatu: saba. La nne: tisa. La tano: tatu. La sita: tano tena. La saba: nane. Kadiri namba zilivyoteremka kwenye karatasi ndivyo Mwadini alivyoteremka kwenye kiti. Walipofika la sitini, mzee alivuta karatasi, akatia duara kila palipoandikwa tano.

"Tisa," alisema.

"Tisa nini?"

"Maganda tisa. Siyo ishirini na manne."

"Ni kuchanganywa huku, fundi. Na ukwaju, labda ukwaju..."

"Bibi," Fundi Surjit alimgeukia Bi Sheikha kwa heshima kubwa, "ukwaju wako una nguvu, nimeuona kwenye sinia lile. Lakini ukwaju haurefushi shaba."

Jikoni kitu kilianguka. Mwanamwema alikuwa anacheka, ameshika sinki.

Mwadini aliivuta karatasi. Aliikumbuka jioni aliyoyakata yale ishirini na manne. Kikatio chake kilikuwa cha mkono, unazungusha mpaka kisu kikome kuuma. Ya kwanza aliyazungusha hivyo, kwa moyo, mpaka kisu kikakoma. Kisha mpira ukaanza kwenye televisheni, na machache, macho yakiwa huko, aliyakandamiza kisu kupita kiasi. Kisha chai ikaja. Kisha mkono ukachoka, kisu kikawa bado kinauma kidogo, na yeye akasema hiyo inatosha.

"Nilikadiria," alisema mwishowe.

"Ulikadiria," alisema Fundi Surjit.

"Machache tu."

"Kumi na tano. Sasa niambie, hiyo miaka mitatu, ni upepo?"

Mwadini akaigeuza karatasi kifudifudi. Gerejini yeye ndiye aliyekuwa akiwafokea vijana wanaokaza nati kwa kukadiria. Nati moja ikiachwa nusu, gurudumu la basi linaweza kutangulia kituoni kabla ya abiria. Alilijua hilo tangu zamani. Hakujua tu kwamba linamhusu na yeye.

Bi Sheikha aliinuka, akachukua ganda moja refu na moja fupi, akayasimamisha juu ya kioo cha meza, akayatazama akiwa amefumba jicho moja.

"Mimi nimeshona kofia miaka arubaini," alisema. "Vitobo vya kofia vina kitu kimoja. Ukitoboa vya asubuhi na vya jioni kwenye kofia moja, mtu akiivaa msikitini safu ya nyuma yote inajua. Mkono wa asubuhi si mkono wa jioni, mwanangu. Sasa wewe wakati gani una mkono?"

"Asubuhi, mama. Baada ya swala ya alfajiri."

"Basi fanya asubuhi tu. Na hufanyi kazi mbili siku moja. Ukikata, unakata. Na ukichoka nitafunika."

"Utafunika nini, mama?"

"Utaona."

Fundi Surjit alikuwa anatikisa kichwa chake kwa furaha. "Karakana nzima ya Tabora tulimtafuta msimamizi wa namna hii. Kumbe alikuwa Pemba anashona kofia."

Mwadini akabadilishana zamu na mwenzake, akawa anaingia kazini mchana. Jumanne asubuhi aliyabana maganda yote sitini kwenye presi, mkono ule ule, kiti kile kile. Bi Sheikha alikaa upande wake wa meza na kofia yake, akishona bila kumtazama, na kila mara akitazama. Siku hiyo mambo yalikwenda vizuri, Mwadini akaanza kuimba kidogo.

Jumatano ilikuwa siku ya kukata. Ganda la kwanza, kisu kikauma, kikauma, kikakoma. Akapima: tano. La pili, tano. La kumi, tano. Alipofika la thelathini na nane kiwiko kilianza kuwaka, na akilini mwake ikaja ile sauti tamu ya zamani: hii inatosha bwana, nani atajua? Kisu kilikuwa bado kinauma, kwa mbali sana, kama panya anayetafuna nyumba ya jirani. Mwadini akainua mkono kwenye kikatio.

Kanga ikashuka juu ya meza. Ganda, kikatio, kalipa, na mkono wa Mwadini wenyewe, vyote vikafunikwa.

"Mama, yamebaki ishirini na matatu tu!"

"Yatakuwepo kesho."

"Kesho nilitaka kulainisha midomo. Siku hazitoshi."

"Jumapili utakwenda na ngapi?"

"Mbili za kujaribia, kumi na tano za kuhesabiwa. Nikichukua ishirini zinatosha."

"Na umeshakata mangapi?"

Mwadini akahesabu chini ya kanga. "Thelathini na saba."

"Basi shida yako si siku, baba. Shida yako una haraka ya kumaliza kitu ambacho hukihitaji." Akarudi kwenye kofia yake. "Kanywe chai. Kwani si wewe unayesifiwa kwa chai?"

Neno hilo lilimchoma, akakaa chini akanywa chai, na kesho yake alfajiri akaanza tena pale pale, na ganda la thelathini na nane akalizungusha mpaka kisu kikanyamaza kabisa. Ijumaa alilainisha midomo, ndani mizunguko mitatu, nje mizunguko mitatu, siyo minne. Alipomaliza alipima yote tena. Matatu aliyatupa: yale mafupi ya jioni ya mpira, kwani shaba ukishaikata fupi hairudi. Hamsini na saba yalikuwa sawa. Aliyasimamisha kwenye kioo cha meza, akaweka rula juu, na rula haikucheza. Akamwita mke wake aje aone.

"Nione nini?" aliuliza Mwanamwema.

"Hakuna kitu cha kuona! Ndiyo uzuri wake!"

Mwanamwema akamwekea kiganja kwenye paji la uso kuangalia kama ana homa.

Jumamosi, banda la Fundi Surjit kule Neasden, Mwadini alijaza risasi ishirini, mzee akisimama nyuma yake na mikono mgongoni, hasemi neno. Fundi Surjit akikunyamazia, ujue amekupandisha cheo.

Jumapili ilikuwa na jua la uwongo, lile linalong'aa bila kupasha. Yadi mia sita. Titus alilala wa kwanza, miguu yake mirefu ikimaliza mkeka na kuendelea kwenye majani. Kila akipiga, ubao kule mbali ulishuka, ukapanda tena na alama ya risasi ilipoingia. Alipiga vizuri. Risasi kumi na tano, kila moja alama tano ikiingia katikati: alipata sabini na moja kati ya sabini na tano.

"Nimekuachia nne, Mwadini," alisema akiinuka. "Zigawe vizuri na upepo wako."

Mwadini akalala. Risasi ya kwanza ya kujaribia ilikwenda kushoto. Moyo wake ukaanza maneno yake ya kawaida. Akapiga ya pili bila kugusa kitu. Ubao ukashuka, ukapanda.

Ilikuwa kushoto. Pale pale. Jirani kabisa na ya kwanza, unaweza kuzifunika zote mbili kwa kiganja.

Nyuma yake Fundi Surjit alikohoa.

Miaka mitatu risasi zake zilikuwa hazijuani. Sasa hizi mbili zimepanga chumba kimoja. Mwadini akageuza kirekebishio cha shabaha, kidogo tu, akavuta pumzi, akapiga. Tano. Akapiga. Tano. Akapiga tena na tena, kila mara akifungua bunduki ganda linaruka kwenye majani, na ubao unapanda na habari njema. Ya saba ilikuwa nne, kosa la bega lake, akalijua papo hapo. Ya kumi na moja bendera zote za uwanja ziligeuka kwa pamoja alipokuwa anavuta kifyatulio, risasi ikapelekwa kulia: tatu.

"Huo ni upepo," alisema Fundi Surjit, na Titus akakubali kwa kichwa. Hata muweka alama akakubali. Haijapata kutokea.

Mwadini alisubiri bendera zitulie. Kumi na mbili, tano. Kumi na tatu, tano. Kumi na nne, tano. Ilikuwa sitini na saba, risasi moja imebaki. Nne itawafanya sare, tano itampeleka Scotland bila chupa. Alijua kwamba hii ya mwisho imo ndani ya ganda lililo sawa na yale yote yaliyotangulia. Hakuwa tena na pa kujificha. Kilichobaki ni yeye tu na kidole chake, na hilo, ajabu, lilimtuliza. Akapiga.

Ubao ukashuka. Ukakaa huko chini muda ambao mtu angeweza kusoma Yasini mbili. Ukapanda.

Tano.

Watu wakapiga makofi. Titus akaja na mkono ameunyoosha, uso wote meno. "Sabini na mbili! Hongera, bwana. Simama basi nikupe mkono!"

Mwadini hakusimama. Alikuwa amepiga magoti kwenye majani, anapapasa.

"Kumi na sita," alisema.

"Sabini na mbili," alisema Titus.

"Maganda. Nimepiga kumi na saba, hapa yapo kumi na sita."

"Mwadini, umeingia timu! Watu wanataka kukupiga picha!"

"Wapige huku chini."

Fundi Surjit, na magoti yake ya miaka sabini na mawili, akateremka naye kwenye majani bila kuuliza. Kisha Titus, kwa kuwa mkono wake ulikuwa hewani na hauna wa kuupokea, akateremka pia. Wakapapasa wote watatu, kilemba, kofia ya viua na kichwa kitupu, mpaka mpiga picha wa klabu akachoka kungoja akawapiga vivyo hivyo, kwa nyuma.

"Hili hapa," Titus alisema mwishowe. Alinyanyua goti lake, na chini ya goti palikuwa na kitu kinachong'aa.

Mwadini alilipokea kwa viganja viwili. Akalipuliza mchanga, akaligeuza kwenye jua, akafumba jicho moja, akautazama mdomo wake mduara wote, taratibu. Titus alikuwa bado amepiga magoti, mkono mbele.

"Sasa nikupe hongera?"

"Subiri," alisema Mwadini. "Fundi, nipe kalipa. Mtu huyu ana kilo tisini."